Mzee Hazimi Gari Mlimani

Klachi ikiungua ina harufu yake, na mtu akishainusa mara moja hahitaji kufundishwa tena. Asubuhi ile niliinusa kabla sijaliona gari lenyewe. Nilikuwa chini ya lori la mteja, hapa gereji kwangu Biharamulo, nikasikia injini inalia kwa nguvu kuliko mwendo wake, kisha harufu ikaingia uvunguni. Nikajua ni mzee. Nikabaki nimelala palepale na spana mkononi, maana nilikuwa nimechoka na sikutaka iwe kweli.

Mzee ni baba yangu. Anaishi Kirushya, Ngara, kwenye migomba aliyoachiwa na baba yake, na alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu. Gari lake ni dogo, la zamani, la gia za mkono, na wakati huo lilikuwa na kazi moja tu: kumpeleka mama hospitali na kumrudisha. Mama alikuwa na uvimbe tumboni. Bodaboda, ambayo ndiyo usafiri wa vilima vyetu, hakuweza kuikalia tena hata kwa mwendo wa kwenda kanisani. Kwa hiyo gari likifia mlimani, na mama yuko mlimani, na maumivu yake yako naye. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima raha, wala si vyuma.

Nilitoka uvunguni nikajifuta mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Halivuti tena," akasema, akiwa bado amekaa kwenye usukani, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Halivuti vipi?"

"Nakanyaga mafuta, linapiga kelele tu. Huko kwenye lami limejikongoja. Mlimani haliwezi kabisa."

Klachi ile nilikuwa nimeifunga mimi mwenyewe mwanzoni mwa masika, na mahindi ya masika hayohayo yalikuwa bado yako shambani. Kabla yake nilikuwa nimefunga nyingine, nayo haikufika mbali. Ile ya kwanza nililaumu spea. Nikasema ni feki, na hakuna aliyenibishia, kwa kuwa sisi mafundi tukikwama huwa tunakimbilia hapo. Ya pili niliagiza Mwanza, halisi, ikaja na basi ikiwa ndani ya boksi lake, nikaifunga taratibu bila haraka. Sasa nayo ilikuwa inanuka mbele ya gereji yangu, wateja wakiona. Gari dogo, dereva mmoja, mtu mpole ambaye hata kuku akikatiza barabarani humsubiri apite. Klachi ya gari la namna hiyo hukaa miaka.

Fundi mwenzangu, mtu wa kulekule Ngara, alilizunguka gari mara moja akacheka.

"Kaka, huyu mzee anarima nayo?"

Sikucheka. Mganga hajigangi, wanasema, na mimi nilishaanza kuamini kwamba fundi naye hatengenezi gari la baba yake.

Nililipima kwa njia ya kawaida. Nikavuta hendibreki, nikaweka gia ya nne, nikaachia klachi polepole. Gari lenye klachi nzima huzimika hapohapo kwa mshtuko. Hili liliendelea kunguruma bila wasiwasi wowote. Basi hapakuwa na la kubishana. Nikapiga jeki, nikashusha giaboksi, kazi ambayo mgongo wangu unaijua na hauipendi.

Kwa asiyejua, klachi ni sahani iliyovishwa kitu kinachofanana na kile cha breki. Inabanwa kati ya gurudumu la chuma linalozunguka na injini na bamba jingine lililo nyuma yake. Ukikanyaga pedali, sahani inaachiwa. Ukiinua mguu, inabanwa, na gari linakwenda. Ukibaki katikati, hujakanyaga wala hujaachia, inasuguliwa, na ikisuguliwa sana inaungua. Nilipoitoa ilikuwa imelika mpaka kwenye riveti. Gurudumu la chuma lilikuwa na madoa ya buluu, alama ya moto wa muda mrefu.

Nikaanza kutafuta mchawi. Sili ya nyuma ya injini ilikuwa kavu, kwa hiyo si oili iliyoteleza ikalowesha sahani. Pedali ilikuwa na nafasi yake ya kucheza kabla haijaanza kubeba, wala haikuwa inaganda chini. Spring za presha zilikuwa nzima, ukiacha kuungua. Kila nilichokigusa kilikuwa kama nilivyokiacha. Kilichobaki ni yule aliyekaa kwenye benchi chini ya bati, ameshika kofia yake, akisoma gazeti kuukuu lililokuwa limefungia vitafunwa vya mtu.

"Mzee," nikamwambia, "unabeba ndizi?"

Akashusha gazeti. Kwetu ndizi haziishi, na malori yanayozipakia kule Benaco hayashibi. Nimeona magari madogo yamejazwa mikungu mpaka tumbo linasugua barabara, na wenyewe wanaapa walibeba mkungu mmoja wa jirani.

"Mimi?" akasema. "Nimchukue mama yako mgonjwa, nimpakie na mikungu?"

Nilifungua buti hata hivyo, kwa maana kazi yangu imenifundisha kutomwamini mtu anayeniletea gari. Hapakuwa na hata jani. Kulikuwa na mto, blanketi lililokunjwa vizuri, beseni, na chupa ya maji. Nikalifunga buti na sikumuuliza tena habari za ndizi.

Nikafunga klachi ya tatu. Kesho yake nikamwambia nitamrudisha Kirushya, ila yeye ndiye ataendesha, mimi nitakaa pembeni niangalie miguu yake. Hakupenda. Mtu aliyekaa na chaki miaka yote ile akiwakagua wengine, leo anakaguliwa na mwanawe! Lakini mama alikuwa anamsubiri, na dawa zake zilikuwa zinakaribia kwisha, kwa hiyo hakuwa na la kufanya.

Kwenye lami aliendesha vizuri hadi nikaona aibu. Tukapita Lusahunga, Nyakahura, mguu wake wa kushoto umetulia sakafuni, hauchezi juu ya pedali kama wafanyavyo wengi. Anabadilisha gia mahali panapostahili. Benaco tukasimama katikati ya malori yanayokwenda mpakani, akanunua mkate wa mama, laini, wa kuchovya kwenye chai, akauweka juu ya dashibodi asije mtu akaukalia. Nikaanza kuwaza kwamba labda ile spea ya Mwanza nayo ilikuwa feki.

Halafu tukaacha lami, tukaingia vilima vyetu.

Katika mlima wa kwanza mzee mmoja alikuwa anateremka na panga begani. Baba akapunguza mwendo, akasimama katikati ya mpando. Hakuvuta hendibreki. Alikanyaga klachi nusu, akaongeza mafuta kidogo, na gari likaning'inia pale, halirudi nyuma, haliendi mbele, linatetemeka na kunguruma. Madereva tunaita kubalansi. Kwenye mtihani wa leseni wanakusifia ukiweza. Ni jambo la kufanya kwa kitambo kidogo, gari la mbele likuondokee. Baba alilifanya kwa salamu nzima.

Na salamu za kwetu si fupi. Zilisemwa kwa Kihangaza, lugha yetu, ila hata nikiziandika kwa Kiswahili urefu ni uleule. Mmeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, ng'ombe je, yule mtoto aliyekwenda masomoni ameandika, maharage yamestahimili ile mvua, na kwa majirani mlikotoka kuna amani? Kila swali lina jibu lake na kila jibu linarudishiwa. Mimi nilikuwa nasikiliza kitu kingine. Chini ya miguu yangu klachi mpya ilikuwa inasuguliwa, na harufu ikaanza kupanda.

Tulipoondoka nikajizuia. Kona iliyofuata mama mmoja na jembe, tukaning'inia tena. Juu kidogo, wawili waliokuwa wanakwenda mnadani, tukaning'inia. Hapo nikashindwa.

"Mzee, vuta hendibreki! Toa gia, weka fri, vuta hendibreki, ndiyo usalimie! Unaiunguza!"

"Siwezi."

"Huwezi nini? Hendibreki nimeikaza mwenyewe jana."

"Nikivuta hendibreki wanasikia inavyolia. Wanajua nimefika. Gari likitulia mbele ya mji wa mtu, mlangoni kwake, wewe ni mgeni, kijana. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Ni kweli, na mtu wa kwetu hawezi kulipinga. Ukipita unasalimia, hutasamehewa ukipita kimya, watasema gari limekupa kiburi. Ila ukizima injini umebisha hodi. Utatolewa kigoda, na kama si kigoda ni mrija na kibuyu cha pombe ya ndizi. Mwaka fulani nilisimama nje ya mji wa watu nifute kioo tu, nikafuta, nikakaribishwa, jua likazama nikiwa palepale na sijui hata jina la mwenye nyumba. Kwa hiyo mzee alikuwa amejitafutia njia yake: injini ingurume, gari litetemeke, watu waone ana haraka, wafupishe. Heshima imetolewa na safari haijaharibika. Anayelipia ni klachi.

Nikacheka, nakiri. Uchovu wote ule, giaboksi mara tatu, kumbe ni salamu! Nikawaza nitakavyowasimulia wenzangu gereji.

"Haya," nikamwambia, "wasalimie, lakini acha injini ingurume ukiwa kwenye fri. Kelele ni ileile. Wataona una haraka, na klachi itapona."

Akakubali kwa kichwa. Mlima uliofuata tukamkuta katekista wa kigango chetu anapanda na baiskeli mkononi. Mzee akafanya nilivyomwambia. Hendibreki ikalia. Katekista aliposikia mlio ule akalaza baiskeli pembeni ya barabara, akaja kuegemeza kiwiko dirishani kama mtu aliyepewa nafasi. Wakaamkiana. Wakamaliza ng'ombe, wakamaliza maharage. Halafu katekista akashusha sauti.

"Na mgonjwa wetu?"

Mguu wa kulia wa baba ukakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele ya bure, gari liko kwenye fri, haliendi popote. Katekista akarudi nyuma hatua moja kwa kushtuka.

"Anaendelea," baba akapaza sauti juu ya kelele ile. "Anaendelea, tunamshukuru Mungu!" Na papo hapo akaachia hendibreki, akaingiza gia ya kwanza, tukaondoka kwa kuruka, tukamwacha mtu wa watu akiwa na swali lingine mdomoni.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Yule wa panga, yule wa jembe, wale wa mnadani. Kila mara injini ilikuwa imenguruma zaidi katika swali hilohilo la mgonjwa, na mimi nilikuwa naangalia mguu wa kushoto tu.

Tulipanda mpaka tukafika juu, penye tambarare, ambapo hapana mji wa mtu. Nikamwomba asimame. Akasimama, akazima.

"Mama anaendeleaje, mzee?"

Alikuwa amenijibu swali hilo kwenye simu kila Jumapili, kwa neno moja. Sasa alitazama mbele, kwenye mabonde, akawa anaparua uzi uliochomoka kwenye kifuniko cha usukani.

"Hospitali walisema nimrudishe nyumbani," akasema. "Tumpe anachopenda kula. Zile ninazofuata ni dawa za maumivu tu."

"Walisema lini?"

"Kabla ya klachi ya kwanza."

Nilikasirika. Sitaki kujifanya mtu mwema hapa. Miezi yote ile ningeweza kufunga gereji, nikakaa na mama yangu, nikamsikia anavyokohoa na anavyosimulia. Badala yake nilikuwa Biharamulo, chini ya magari ya watu, namwagizia mkate. Mficha maradhi ana methali yake, na nusura niitamke, ila nikakumbuka kwamba aliyenifundisha methali hiyo ni yeye, kwa kiboko, darasa la nne.

"Mama anajua?"

"Hajui. Anajua anatibiwa. Nikizima gari watauliza vizuri. Wakiuliza vizuri nitawaambia. Nikimwambia mmoja hapa chini, jioni yatakuwa yamefika kwake. Sasa injini ikilia, mtu anafupisha."

Nikamwangalia. Shingo ilikuwa imekonda, kola ya shati inamzunguka. Hasira ikaniishia, na baada yake nikajisikia mzito, kama ninavyojisikia nikimaliza kushusha giaboksi. Nikamwambia aniachie usukani. Akakataa. Akasema barabara hii anaijua mwenyewe.

Nilimkuta mama amekaa barazani na khanga mabegani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mkono akaugeuza, akatazama oili iliyokauka kwenye kucha kama alivyofanya siku zote. Akala kipande cha mkate. Akauliza habari za gari. Nikamwambia limepona. Nilimdanganya kwa urahisi ulionitisha.

Kesho yake ilikuwa siku ya kufuata dawa, na mama akasema anataka kwenda. Tukampanga kiti cha mbele, mto mgongoni, blanketi miguuni, beseni nikalishika mimi nyuma. Baba akaendesha. Aliendesha polepole, akikwepa kila shimo, na kila gari lilipotikisika alimtazama mama badala ya barabara, nami nikawa namwangalizia barabara. Nilikuwa nimeomba moyoni tusikutane na mtu. Ombi la kijinga, asubuhi ya kiangazi, watu wote wako mashambani.

Kwenye mpando mrefu, mwanamke wa makamo ya mama alikuwa anapura maharage kando ya barabara na wenzake. Ni wa jumuiya moja na mama. Wamesali pamoja tangu mimi sijazaliwa. Alipoona ni nani amekaa mbele, akatupa fimbo ya kupuria, akaja mbio huku anajifunga khanga vizuri. Baba akasimama. Akasahau yote ya jana. Klachi nusu, mafuta kidogo, gari likaning'inia linatetemeka, na mama akitetemeka pamoja nalo.

Yule mwanamke akashika dirisha kwa mikono miwili. Hakuanza na ng'ombe.

"Dada yangu," akasema, "umelalaje? Hali yako ikoje?"

Injini ikanguruma. Harufu ikaja. Baba akafungua mdomo aseme anaendelea, nami nikainua mkono nimguse bega, sijui hata nilitaka kumwambia nini.

"Zima gari," mama akasema.

"Tutachelewa," baba akajibu, macho mbele.

"Tutachelewa wapi?"

Baba akaongeza mafuta. Mama akatoa mikono chini ya blanketi, akashika hendibreki kwa yote miwili, akaivuta. Ilimchukua nguvu zote alizokuwa nazo. Ikalia jino moja, jingine, jingine. Wale wa kwenye maharage waliposikia wakasimama, wakaanza kuja.

"Hawa wanataka kuniaga," mama akasema, bila kupandisha sauti, "na wewe kila siku unawafukuza kwa injini. Zima, mzee wangu."

Baba akazima. Tukasikia miguu ya wale wanawake kwenye maganda makavu. Yule rafiki wa mama alikuwa ameshafungua mlango, anampangusa uso kwa ncha ya khanga, na mwingine alikuwa anatandika gunia mahali penye kivuli. Nikashuka nimbebe mama, lakini walikuwa wamekwishampokea wao, wanne, kama wanavyopokea mtoto mchanga, nikabaki nimeshika beseni.

Alipokaa, akageuka kulitazama gari. Baba alikuwa bado ndani, mikono kwenye usukani.

"Shuka na wewe," mama akamwita. "Uwaambie walichosema hospitali. Mimi nilikisikia siku ileile, pazia halikuwa limefungwa."

Akashuka.